Pesa ya Kila Nguo

Waliompa jina la Fundi Kesho hawakumwonea. Kwa miaka mingi hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mteja: "Njoo kesho, dada yangu, imebaki vifungo tu." Mimi nashona viatu kwenye baraza hiyo hiyo, na mara nyingi nilikiona kitambaa chenyewe kikiwa bado hakijaonja mkasi.

Hakuwa mvivu. Alikuwa na ugonjwa wa mafundi wa siku hizi: arbuni aliyotoa mteja wa leo inanunua uzi na zipu za mteja wa juzi, inayobaki inakwenda sokoni, na mteja wa leo anakaa kusubiri mwingine aje amkomboe. Zamani fundi akipokea nusu ya malipo aliitunza, kwa kuwa aliona haya. Siku hizi haya haiuzwi dukani, kwa hiyo watu hawana.

Hata cherehani haikuwa yake. Aliichukua kwa mwenye duka la vitambaa, alipe kidogo kidogo, na malipo yalikuwa yamelala. Asubuhi moja mwenye duka alikuja akaweka mkono juu ya cherehani, kama anayepapasa mbuzi aliyekwisha kumnunua.

"Mama, mwisho wa mwezi unimalizie. La sivyo, naibeba."

"Utaibeba na mguu wangu juu yake?"

"Mguu baki nao. Chuma ni changu."

Wapita njia walicheka. Fundi hakucheka. Ana watoto watatu, na mume aliyekwenda kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Chuma hicho ndicho kilichowalisha.

Kuanzia siku ile alibadili mwendo. Kila kitambaa alichopokea alikikunja, akaibana arbuni yake ndani kwa pini. Pesa ile haikutoka mpaka kitambaa kile kimefika mezani, nayo ilinunua uzi wake na vifungo vyake, basi. Mteja akija kuchukua nguo, ile nusu ya pili ndiyo ilikuwa jasho la fundi: hii kopo la kodi, hii kopo la chakula, hii kopo la cherehani. Mwanzoni jasho lenyewe lilikuwa dogo, na nyumba yake ilikunywa uji mchana na jioni. Lakini nguo zilianza kutoka siku aliyoahidi. Wateja walishangaa, wengine wakajikuta hata hawajajiandaa kulipa.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache alipokuja mdogo wake wa kiume, fundi wa kupaka nyumba rangi. Wiki iliyotangulia alikuwa ameacha suruali ipunguzwe urefu. Safari hii hakuiulizia.

"Dada, mwenye nyumba ametutia kufuli. Wifi yako yuko nje na magodoro."

"Mungu wangu! Sina kitu, mdogo wangu."

"Huna?" Aliutazama mrundo wa vitambaa. Noti zilikuwa zikichungulia. "Na hizi?"

"Hizo za nguo."

"Tangu lini nguo ikawa na tumbo?"

"Nikizigusa, nguo hazishoneki. Zisiposhoneka, cherehani inaondoka. Njooni mlale kwangu, tutabanana."

"Sisi tulale chini ya meza, pesa zilale juu yake?" Akanigeukia. "Mzee, unaisikia dunia?"

Nilikuwa naisikia. Nimekulia mtaa ambao mtu akifungiwa mlango, wanaume waliacha kazi wakaenda kuzungumza na mwenye nyumba, na hakurudi mtu mpaka kufuli limetoka. Wanaume wale wamekufa. Waliobaki kila mmoja ana kufuli lake. Kwa hiyo mzigo wa mtaa mzima ulikuwa umemwangukia mwanamke mmoja mwenye pini mdomoni.

"Mwache dada yako," nilisema. "Za watu hizo."

"Na mimi si mtu?"

Akaondoka. Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu hadi uzi ukakatika, akautunga tena, ukakatika tena.

Mwisho wa mwezi alilipa. Mwenye duka alihesabu mara mbili, akaaga kwa heshima ambayo hatukuwahi kuiona kwake. Fundi aliifuta cherehani kwa kitambaa, akaendelea na kola aliyokuwa akishona.

Siku mbili baadaye alikuja mke wa mdogo wake, akitokea kwa wazazi wake walikohamia.

"Wifi, hujambo? Nimetumwa suruali."

Fundi aliitoa. Ilikuwa imepigwa pasi, tena amebadilisha na zipu bila kuombwa. Wifi akanyoosha noti.

"Ya nini tena, wifi?"

"Amesema nikulipe. Amesema msije mkadaiana."

Tangu lini ndugu wa tumbo moja akalipia pindo la suruali? Nilidhani ataisukuma ile noti, au atalia. Fundi aliipokea. Kisha akafungua kopo la chakula, akatafuta chenji, akamhesabia wifi yake mkononi. Zipu hakuitaja.