Zimwi la Katuni Lilipoomba Msamaha

Askari alisimama katikati ya katuni akasema, "Zima. Rudia hiyo sauti."

Kibanda chote cha video kikanigeukia. Nikajua leo ndo leo.

Ilikuwa 1990, Namakwekwe, Mbale. Vita imepoa, watu wanataka kucheka. Mimi Yakub nilikuwa natafsiri katuni za Kijapani kwa Kiswahili, papo hapo kwa maiki. Kijapani sijui hata salamu, najitungia tu. Sauti zote zangu: bibi, mtoto, zimwi.

Zimwi nilikuwa nimelipatia sauti ya mtu wa kweli.

Mwaka 1983, kwenye kizuizi cha barabarani Bugembe, nje kidogo ya Jinja, sajenti mmoja alimshusha kaka yangu Asadu kwenye teksi. Kosa letu kuwa Wanubi, kabila lililohesabiwa la utawala uliopinduliwa. "Wewe kuja hapa. Simama kando."

Asadu hakurudi. Ile sauti ikanikaa kooni miaka saba.

"Afande, ni katuni tu," nikasema.

"Rudia."

Nikarudia. Akakaa chini, akalia.

Kumbe ni askari wa magereza, jina lake Ojok. "Hiyo sauti ya ndugu yangu Otim. Alikufa vitani. Wewe lijua yeye wapi?"

"Barabarani, afande."

Hakuuliza zaidi. Kesho yake mchana akaja na mama yao, Mama Akello. Macho yake hayaoni. Nikamkalisha karibu na spika.

"Bwana, Otim hakuniaga," akasema. "Mwambie aseme na mimi kidogo tu."

Nikashika maiki. Nilimchukia mwanawe, siwafichi. Nilitaka mama huyu aumie kama mama yangu.

Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya Otim.

"Mama, pale Bugembe nilishusha kijana kwenye teksi. Jina lake Asadu. Hakurudi kwao. Nisamehe."

Ojok akageuka kuniangalia. Alishaelewa Asadu ni ndugu yangu. Mkono wake ukaenda kwenye mkanda, kifungo cha mfuko wa bastola kikalia ta, na mimi maiki sikuiachia.

Mama Akello akauliza, "Huyo Asadu, mama yake iko?"

"Iko, mama," nikajibu kwa sauti yangu mwenyewe. "Anaitwa Fatumah. Iko Jinja."

"Ojok, toa mkono hapo. Nipeleke kwake."

Jumamosi tulipanda teksi moja, sote watatu. Bugembe hatukusimamishwa na mtu. Mama yangu alifungua mlango, akasikiliza yote, akalia sana. Halafu akamshika mgeni mkono, akamwingiza ndani.

Zimwi nikalitafutia sauti nyingine.

Ndugu zangu, kama kuna jambo limekukaba miaka, liseme, hata kwa sauti ya kuazima. Mimi nilitaka kumuumiza mama wa watu, nikajikuta nimempelekea mama yangu mtu wa kulia naye.