Kwa Fundi, Mpe Mbwa Mgongo

Dada yangu ni fundi cherehani, na kama hujawahi kupimwa na yeye hujui amri ni nini. "Simama wima. Geuka. Mikono chini. Usijibane tumbo, nguo si ya kuvaa leo tu." Awe mkubwa wa ofisi, awe muuza nyanya, akishasimama mbele ya kile kioo kirefu anageuka anapogeuzwa. Mimi ni mdogo wake. Natia vifungo, nakunja pindo, na nakaa naye tangu tulipobaki wajane wawili chini ya paa moja. Tunagombana kila siku iendayo kwa Mungu, na bila yeye sijui ningeishi vipi.

Duka hatuna. Chumba cha mbele ndicho cha kushonea: cherehani ya miguu dirishani, ovaloki ya kufungia kingo za vitambaa pembeni, meza ya kukatia, na ndoo ya vipande vya vitambaa ambayo mtu akiitupa ajue ameanzisha vita. Mteja anafungua geti la bati, anavuka ua wa udongo, anaingia. Njia ni hiyo moja tu, na kwenye njia hiyo ndipo alipokaa Meneja.

Meneja ni mbwa. Kijana wa dada, mtoto wake pekee, alimlea tangu hajafungua macho, akamwita hivyo kwa sababu kutwa alikaa getini akiwatazama watu kama wamechelewa kazini. Kisha kijana akapata kazi ya kuendesha katapila kwenye barabara inayojengwa mbali huko, na kambini mbwa hawatakiwi. Siku ya kuondoka alimshika mama yake mikono yote miwili.

"Mama, usimtoe. Nikirudi nimkute."

"Utamkuta," dada akasema. Basi, neno likawa limetoka, na dada yangu akishatoa neno haambiliki hasemezeki.

Mimi nilinuna. Mimi na mbwa hatupikiki chungu kimoja, nawaogopa tangu utotoni, na aliyenifukuza nikaacha kiatu kimoja barabarani namkumbuka mpaka rangi. Lakini Meneja hakuwa mkali. Angekuwa mkali tungejua la kufanya. Maradhi yake yalikuwa furaha. Geti likilia tu, huyo! Miguu ya mbele kifuani kwa mteja, ulimi shavuni. Nguo zililetwa kubanwa kiuno zikafika mezani na matope ya kucha. Dada alimsukuma, "Shuka! Shuka, we mshenzi!" Mimi nilipiga mayowe na kumpungia kitambaa chochote kilichokuwa mkononi. Naye, maskini, kadiri tulivyomsukuma ndivyo alivyorudi kwa mbio zaidi.

Tukaishi hivyo, tukiomba radhi na kufua blauzi za watu, mpaka siku alipokuja mwalimu mkuu. Huyu mama ndiye anayetupatia kazi ya kushona sare za shule nzima, na bila sare zile mwaka hatuuvuki. Alivaa nyeupe, kwa bahati yetu mbaya. Meneja alimpokea kwa nyayo mbili zilizopigwa muhuri, moja kila upande wa vifungo.

Mwalimu hakupaza sauti. Alijipangusa, akasema, "Fundi, sketi ya mfano ikiwa tayari nitakuja kuitazama mwenyewe. Nikimkuta huyu mnyama ananirukia tena, sare nitapeleka kwingine."

Jirani yetu mwenye ghala la mbao, ambaye masikio yake yanafika kila ua, alibisha hodi jioni ile ile. "Nipeni mimi. Nitamfunga kwangu langoni." Mbwa wake tunawajua. Mnyororo ni mfupi, mnyama akifika kwenye maji hafiki kivulini. Dada alimwambia atafikiri, akafunga geti, akakaa kwenye kiti chake bila kukanyaga cherehani.

"Nikimtoa, nimemdanganya mwanangu," akasema. "Nisipomtoa, tutakula nini?"

Tulijaribu kumfunga sisi wenyewe kwa kamba nyuma ya nyumba. Alibweka mpaka sauti ikakauka, manyoya ya shingo yakanyonyoka, na alipofunguliwa alikuwa na wazimu mara mbili.

Aliyetuokoa ni daktari wa mifugo, mama mnene wa maneno machache, aliyekuja kumchanja chanjo ya kichaa cha mbwa. Alipoingia tu, Meneja akaruka. Daktari hakusema kitu. Alimpa mgongo, akakunja mikono, akatazama juu kama anayesubiri mvua. Meneja akazunguka mbele, daktari naye akageuka tena. Wakazungukana hivyo mpaka mbwa akachoka, akaweka miguu yote minne chini. Hapo hapo daktari akainama, akamkuna kidevuni, akasema kwa upole, "Hujambo, bwana mkubwa?"

"Akiwarukia mnafanyaje?" akatuuliza huku akimtafuta kupe masikioni.

"Tunamsukuma," dada akasema.

"Huyu anapiga mayowe," akaongeza, akinionyesha mimi kwa mkasi.

"Basi mnacheza naye. Yeye anataka mumtazame, mumguse, mseme naye, na akiruka anayapata yote matatu. Mnyimeni. Mpeni mgongo, kimya, mpaka atulie. Akitulia ndiyo msalimieni, tena mara moja. Na mfundisheni kuketi, akiketi apate kitu kitamu. Mtembezeni asubuhi, mbwa aliyechoka ana adabu. Lakini watu wote wafanye hivyo hivyo. Mmoja akimruhusu, mnatwanga maji kwenye kinu." Alipokuwa anafunga mkoba akakumbuka jingine. "Na mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe. Inapasuka ncha, itamtoboa tumbo."

Dada alicheka, mara ya kwanza tangu mwalimu aondoke. "Kugeuza watu? Daktari, hiyo si ndiyo kazi yangu?"

Kesho yake akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika kwenye geti kwa herufi kubwa: UKIINGIA, MPE MBWA MGONGO. Na asiyejua kusoma aliisikia dirishani: "Geuka! Mikono chini! Usimtazame!" Wateja walitii, walishazoea. Ungepita njiani ungeona watu wazima wamesimama uani wakitazama ukuta kama wanafunzi walioadhibiwa. Fundi redio wa ng'ambo ya barabara alikuja kuniuliza kama tumeanzisha dini.

Mfuko wa aproni ya dada, ule wa pini, ukahamia kuwa mfuko wa ini lililochemshwa, limekatwa vipande vidogo kama vifungo. "Keti." Akiketi, kipande kimoja. Kabla ya wateja kuanza kuja anamzungusha uwanja wa mpira mzima, anarudi amelowa umande mpaka magoti. Jioni anampiga brashi, nami natoka chumbani kwa sababu manyoya yanarukia nyuzi zangu.

Jamani, kwanza mambo yaliharibika! Meneja alipoona mlango wake wa furaha umefungwa, alirudi kwa nguvu mpya. Aliruka migongoni. Alinirukia mimi nimebeba trei ya chai, chai ikaenda kwa majirani. Kisha akapoa. Kisha akarukaruka tena. Leo anaketi kama askofu, kesho anavamia, na sketi ya mfano ilibaki pindo tu.

"Kuna mtu anamruhusu," dada akasema, akinitolea macho.

"Ebo! Mimi? Mimi ninayemkimbia?"

"Ni mayowe yako."

"Mayowe niliacha. Sasa naumwa kifua kwa kuyameza!"

Tukanuniana. Alfajiri moja niliamka mapema kubandika maji, nikasikia kicheko mlango wa nyuma. Nikachungulia. Loo! Dada yangu, mtoa amri, mwandishi wa geti, amesimama na Meneja wima kama watu wanaocheza dansi, miguu ya mbwa mabegani mwake, yeye amemshika mbavu, anambembeza, anacheka mpaka kilemba kimeanguka.

"Nimemkamata mhalifu!" nikapiga kelele. "Kumbe ni wewe! Unanisingizia mimi mchana, alfajiri unampa shahada ya kuruka!"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alimshusha mbwa, akaokota kilemba, akakikung'uta pole pole.

"Mdogo wangu," akasema, "tangu mwanangu aondoke, ni nani mwingine anayefurahi hivi nikifungua mlango?"

"Mimi nafurahi."

"Wewe unauliza chai iko wapi."

Nilicheka, halafu nikaacha, kwa sababu ilikuwa kweli. Sikujua kama anamkumbuka mwanawe kiasi kile. Kijana hupiga simu Jumapili, wanaongea habari za mvua na bei ya vitambaa, anakata, dada anarudi kushona. Mimi nikadhani mambo ni salama.

"Basi endelea," nikamwambia. "Mimi sisemi."

"Nikiendelea ataenda kwenye ule mnyororo."

Alfajiri iliyofuata niliamka tena, sijui kwa nini. Dada akafungua mlango wa nyuma, Meneja akaja mbio akaruka, na dada akampa mgongo. Alipogeuka alinielekea mimi. Uso wake niliuona wote. Alijikaza kisabuni, mikono kifuani, midomo imebana, na mbwa akimgonga mgongoni, akilia, haelewi kosa lake. Alirukaruka sana siku ile. Alipoketi mwishowe, dada alipiga magoti pale pale kwenye udongo, akamsalimia mpaka mimi nikaona haya kutazama.

Tangu hapo mbwa akanyooka. Alipojua hakuna mlango ulioachwa wazi popote, akashika njia moja, na njia yenyewe ilikuwa kuketi.

Mwalimu mkuu akaja. Alisoma geti, akaingiza kichwa. "Fundi, hata mimi nimpe mbwa mgongo?"

"Geuka, mwalimu. Mikono chini."

Na yule mama anayeamrisha shule nzima akageuka. Meneja akamjia, akanusa pindo la gauni. Nilikuwa nimeshika sindano na roho mkononi. Akazunguka, akamtazama, akakalisha makalio yake chini taratibu.

"Sasa msalimie. Mkono upite chini ya kidevu, usimjie juu ya kichwa, atashtuka."

Mwalimu alimkuna, akacheka peke yake. "Huyu ana adabu kuliko darasa langu la nne." Kisha akaigeuza sketi ndani na nje, akasema pindo lishuke kidogo, akaacha kazi yote kwetu. Yule jirani wa mbao dada alimwambia atafute mbwa mwingine, na aongeze mnyororo akishampata.

Tukaendelea na maisha, na yalikuwa mazuri. Sare zilishonwa. Meneja alinenepa kidogo, daktari akatusema, tukapunguza ini.

Kijana alikuja bila kutuambia siku. Nilikuwa nje naanua nguo, geti likalia, nikamwona amesimama na begi lake, mweusi kwa jua la barabarani, mabega yameongezeka upana. Hata hakunisalimia. Aliangusha begi, akapiga goti moja, akafungua mikono, akajikaza kama mtu anayesubiri kugongwa.

"Meneja!"

Mbwa alitoka mbio kutoka upande wa jikoni, nikasema leo sheria imekufa. Akafika mbele yake, karibu kabisa, akaketi. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, mkia unafagia vumbi, koo linalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Lakini makalio chini, miguu minne chini.

Kijana akabaki na mikono yake wazi. Nikaona uso unamsawijika.

"Mama mdogo," akasema, "amenisahau."

"Hajakusahau, baba. Ame..."

Sikumaliza. Kule ndani ovaloki ilinyamaza ghafla, kiti kikaanguka. Dada yangu akatokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni, pini bado mdomoni, akazitema. Yule mwenye magoti mabovu, asiyepanda ngazi bila kutukana, aliuvuka ua wote mbio. Kijana aliwahi kusimama tu. Dada akaruka. Naapa aliruka, viatu vikabaki chini, akaning'inia shingoni kwa mwanawe, vumbi lote la ua kwenye shati lake, anambusu mashavu, analia, anacheka, anamwita kwa jina alilomwita akiwa mtoto wa kubebwa.

Kijana naye akalia. Mimi nikawapa mgongo, nikakunja mikono, nikatazama ukuta, kama sheria inavyosema, maana machozi yangu nayo yalikuwa yameshafika kidevuni.

Nilipotazama chini nikamwona Meneja. Alikuwa bado ameketi pale pale, anatetemeka, anatazama watu wawili wanaorukiana. Katika ua mzima aliyefuata sheria alikuwa yeye, na hakuna aliyemsalimia. Nikaenda, nikainama, nikapitisha mkono chini ya kidevu chake. Kilikuwa na joto. Sikuwa nimewahi kumgusa.

"Hujambo, bwana mkubwa?" nikamwambia.