Kizibo cha Verlyn

Verlyn Aasen aliendesha basi la shule maisha yake yote ya kazi. Watoto aliowabeba sasa wana vipara na vitambi, na hakuna hata mmoja anayekumbuka siku ambayo mzee yule alisahau jambo. Kisha mwezi wa tatu akapigwa na kiharusi kidogo. Kilibisha hodi tu, kikaondoka. Alipona, ila bintiye Janelle, ambaye ni muuguzi, tangu hapo akawa anamtazama kama chungu chenye ufa.

Kila mwezi wa saba familia hupiga hema kwenye hifadhi ya jimbo kando ya Ziwa Elmgren, huko Minnesota, chini ya misonobari ile ile. Safari hii, hema hata halijasimama sawasawa, Janelle alitoa neno lake: baba ataingia ziwani na boti mara moja, yeye akimwangalia kutoka ufukweni. Akikosea, boti inauzwa. Verlyn alijibu kwamba hata ng'ombe wa mnada hupewa nafasi nzuri kuliko hiyo.

Asubuhi kulikuwa na foleni kwenye mteremko wa kushushia boti. Watu wa kule wana adabu yao: anayechelewesha wenzake hatukanwi, hutazamwa tu, na afadhali angetukanwa. Verlyn akaharakisha. Boti ikaelea, mkewe Ardis akapanda na kapu la chakula, wakaenda zao. Janelle alibaki ufukweni amekunja mikono.

Walipofika katikati ya ziwa, Verlyn alizima injini ili Ardis atupe ndoana. Ndipo alipohisi viatu vimelowa.

Sheria ya huko ni kwamba ukitoka ziwa moja, ung'oe kizibo cha chini ya boti, maji yote yatoke, usije ukapeleka kome waharibifu ziwa jingine. Wiki iliyopita, alipotoka kuvua ziwa la jirani, alikuwa ameking'oa kama raia mwema. Kizibo kilikuwa bado ndani ya gari.

Akawasha injini, akakaza mwendo. Boti ya namna ile ikikimbia sana, maji hutoka nje kupitia tundu la kizibo, ikipunguza mwendo, huingia. Na kufika ufukweni ilikuwa lazima upunguze, maana pale palijaa waogeleaji, na Ardis hajui kuogelea. Kwa hiyo wakazunguka. Wakazunguka tena. Kule mbali Verlyn aliona Janelle ameingia majini mpaka magotini.

"Umepatwa na nini, mzee wangu?" Ardis aliuliza.

"Kizibo."

Hakumlaumu. Alitoa karoti kapuni, akaikata kwa meno, akaizungushia leso, akapiga magoti kwenye maji na kuigongomea tunduni kwa kisigino cha kiatu.

"Punguza," alisema.

Akapunguza. Waliitazama sakafu kama watu wanaotazama mtoto mwenye homa. Maji hayakupanda.

Njiani kurudi Ardis alisema kwamba akiulizwa, atasema walikuwa wanacheza. Verlyn alielekeza boti ufukweni.

Boti ilipovutwa juu kwa trela, Janelle alipita moja kwa moja nyuma kung'oa kizibo, kama sheria inavyotaka. Akainama. Akakawia ameinama.

"Baba, hii ni karoti."

Ardis alifungua mdomo. Verlyn akamgusa mkono.

"Nilisahau kizibo garini," alisema. "Niliogopa macho ya foleni, nikasahau." Akatoa ufunguo wa boti, akauweka kiganjani mwa bintiye.

Janelle aliutazama ufunguo, akamtazama mama yake aliyelowa mpaka kiunoni. Akaenda garini, akarudi na kizibo, akampa baba yake.

"Tunarudi majini. Naendesha mimi. Wewe kazi yako ni hiki, na mama atakagua."

"Na kuuza?"

"Nani atanunua boti iliyozibwa kwa karoti?"

Verlyn aling'oa karoti, akangoja maji yaishe kutoka, kisha akachutama nyuma ya boti. Foleni ilikuwa inamtazama. Akakaza kizibo taratibu, akakijaribu kwa kidole, akakikaza tena.