Kijani cha Uongo

Mimi ni mtu wa kinyongo, na sijifichi. Nimekirithi kwa mama. Kuna jirani yetu hapa Ujiji ambaye hajapata salamu yake tangu kuku wake walipovamia turubai letu la kuanikia dagaa. Kuku wenyewe walishaliwa zamani, lakini mama bado anapita kimya.

Kwa hiyo kiongozi wetu wa kazi alipoanza kunicheka mbele za watu, hakujua amemgusa mtoto wa nani.

Tunatengeneza kompaila, yaani programu inayochukua maagizo aliyoandika mtu na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza. Lugha yenyewe ni ndogo, tumeibuni wenyewe, na tumetawanyika mikoani, tunaonana kwenye video tu. Kazi yangu mimi ni majaribio ya kurudia. Mtu akibadilisha kitu kwenye kompaila, hata kiwe kidogo vipi, mashine yangu inaendesha yenyewe mamia ya viprogramu vya zamani, kila kimoja na jibu lake linalojulikana, ili tujue kama kilichokuwa kizima jana hakijavunjwa leo. Jibu likilingana, mstari unatoka wa kijani. Lisipolingana, unatoka mwekundu. Ni kazi ya mtu mwenye kumbukumbu ndefu ya makosa ya wenzake, na sijui kama kuna kazi nyingine ingenifaa zaidi.

Majaribio yote kwa pamoja yanachukua muda, kwa hiyo wengi hawayaendeshi. Mashine mbili tu zilikuwa zinayaendesha kamili: ya kiongozi, Dar es Salaam, na yangu, kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa mama. Nilirudi Ujiji miguu ya mama ilipoanza kumsumbua, na kazi hii ndiyo iliyoniwezesha kurudi. Nikiipoteza, ni kupanda treni kwenda kutafuta nyingine, na mama anabaki peke yake na turubai lake.

Basi kiongozi akaleta mabadiliko yake makubwa ya kuiongezea kompaila kasi. Kwangu yakatoka mekundu. Ukiiambia programu ijumlishe vitu vilivyomo kwenye orodha, inajumlisha vizuri, halafu cha mwisho inakisahau. Nikaripoti. Akajibu kwenye kundi letu, wote wakisoma: "Kwangu ni kijani tupu. Hiyo itakuwa mashine ya Kigoma, umeme umekatika katikati." Nikaripoti tena, nikaambatanisha kiprogramu kifupi ambacho yeyote angeweza kukijaribu. Hakuna aliyekijaribu. Yeye hata hakuandika neno, aliweka picha ya kibatari. Wenzangu wakacheka, wengine kwa emoji, wengine kwa sauti kwenye mkutano wa kesho yake, na mimi nikacheka nao kwa sababu sikujua uso wangu niupeleke wapi.

Wiki hiyohiyo akapendekeza majibu ya mashine yangu yasihesabiwe tena, na nafasi yangu ifutwe tukishazindua toleo jipya. Alilisema kwa upole kabisa: "Dada yetu apumzike kidogo." Nilimwombea mwiba wa samaki wetu wa ziwani, mgebuka, umkwame kooni, na nilimaanisha.

Umeme wetu unakatika kweli, sikatai. Ukikatika wakati kompaila inajengwa, mafaili yanabaki nusunusu, na ukijenga juu ya hayo utaona maajabu. Ndiyo maana nina desturi yangu: kila mara nafuta kila kitu, hadi kompaila ya zamani, najenga upya kuanzia sifuri, ndipo naendesha majaribio. Inachosha. Lakini kwenye mashine yangu majaribio hayana kompaila nyingine ya kuiita isipokuwa ile iliyojengwa muda huo.

Kiongozi hana shida ya umeme, kwa hiyo hafuti kitu. Nililigundua hilo siku alipotuonyesha kioo chake kwa majivuno, mistari ya kijani ikishuka mmoja baada ya mwingine. Mstari wa juu kabisa hutaja namba ya toleo linalojaribiwa, na namba ile ilikuwa ya toleo la zamani. Kompaila mpya alikuwa anaijenga, sawa, ila majaribio yake yalikuwa yanaiita ile aliyoisakinisha miezi iliyopita akaisahau. Alikuwa anampima homa mtu asiyeumwa, kisha anatangaza kwamba mgonjwa amepona.

Ustaarabu unajulikana. Mwenzio akiwa na mchicha kwenye meno, unamvuta pembeni. Nilifungua ujumbe, nikaandika "Kaka, hebu angalia", nikaufuta, nikaenda jikoni.

"Una nini wewe, unacheka na masufuria?" mama akaniuliza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa.

Nikamweleza, nikiruka mambo ya toleo na mafaili.

"Alikucheka mbele za watu?"

"Mbele za watu, mama."

"Basi na wewe usimfuate uvunguni," akasema, akaendelea kuchambua.

Siku ya uzinduzi walialikwa walimu wa vyuo waliotaka kufundishia lugha yetu. Kiongozi aliongea vizuri, hilo nampa. Alipouliza kama kuna swali, nikafungua kipaza sauti changu.

"Hongera sana kaka. Kwa faida ya wageni wetu, tunaomba utuendeshee majaribio. Ila kwanza futa kila kitu, ujenge upya hapahapa mbele yetu."

Akatabasamu. "Dada, hilo halina haja."

"Mimi ningependa kuliona," akasema mwalimu mmoja kati ya wageni.

Hapo hakuwa na pa kutokea. Akafuta, hadi ile ya zamani, akajenga, na wakati tukisubiri akawa anapiga soga kuhusu mustakabali wa teknolojia nchini. Majaribio yakaanza. Ukatoka mstari mwekundu, ukafuata mwingine, kisha ikawa mingi kiasi kwamba kioo kizima kilijaa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na mistari ilikuwa bado ipo. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nilifurahi furaha ya tumboni kabisa, wala sikuionea aibu.

Uzinduzi uliahirishwa. Habari za mimi kupumzika hazikutajwa tena. Wenzangu, walewale wa emoji, wakaamua kwamba kuanzia siku hiyo hakuna badiliko litakaloingia bila kuwa kijani kwenye mashine yangu na bila idhini yangu.

Akaniandikia faragha: "Dada, ungeniambia tu pembeni. Umeniaibisha." Sikumjibu. Baada ya siku chache akaleta marekebisho yake. Nikayaendesha, yakatoka kijani yote, kazi safi isiyo na dosari. Kilichobaki ni mimi kubonyeza kitufe cha idhini. Nikayaacha yakae, nikaenda kumsaidia mama kuanua dagaa.

Akaandika tena: "Samahani basi. Naomba uidhinishe, watu wanasubiri."

Safari hii nilimjibu. "Ulinicheka mkutanoni. Na radhi yako iombe mkutanoni."

Mkutano uliofuata aliomba kuzungumza kabla ya wote. Aliinamisha kichwa, akayasema harakaharaka kama mtu anayemeza kwinini: "Majibu ya dada yalikuwa sahihi tangu mwanzo, kosa lilikuwa langu, sikupaswa kumdhihaki, naomba anisamehe." Watu wote wakanitazama mimi. Nilikuwa nimelisikia kila neno.

"Samahani kaka," nikasema, "sikukusikia vizuri. Hebu rudia, polepole."

Akarudia.