Nilihesabiwa Upande Wake

Alichelewa kufika kambini, na bado akapokelewa kama mtu aliyekuwa akisubiriwa. Hilo ndilo lililoanza kuniuma. Mimi nilifika alfajiri, kabla mlinzi hajafungua geti la shule, nikakaa juu ya begi langu nikiwaza kama kuwahi kiasi kile si ushamba. Yeye aliteremka kwenye bodaboda wakati wa chakula cha mchana, shati limejaa vumbi. Aliwasalimia wapishi kwanza, kisha mratibu, na kabla hajamaliza sahani yake meza nzima ilikuwa inacheka.

Kambi ilifanyika wakati wa likizo, katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Geita. Tulikuwa vijana kutoka Shinyanga, Kahama, Geita na vijiji vya katikati. Wengine walikuwa bado chuoni. Wengine, kama mimi, tulishamaliza na tumekaa nyumbani. Kila mmoja alikuja na utafiti wake mdogo juu ya mila za watu wa kwao au za majirani: Wasumbwa na mapokezi ya mgeni, Wazinza na mazishi, Waha waliohamia machimboni na majina wanayowapa watoto. Mwisho wa wiki mmoja wetu angepewa kazi ya mwaka mzima, kuzunguka vijijini kurekodi mila kwa ajili ya kituo kilichoandaa kambi.

Niliitaka kazi ile mpaka nikaogopa kuitaja. Tangu mahafali nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, mtaa wa Kalangalala, nalala chumba kimoja na magunia ya mchele wa biashara yake. Shangazi hakuwahi kunisema. Ila mgeni akiuliza ninafanya kazi gani, yeye ndiye aliyewahi kujibu: "Anapumzika kwanza."

Utafiti wangu ulihusu mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma. Wachezaji wamegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu, na zinapokutana hazipeani zamu. Zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja mwisho wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kutembea. Hakuna jaji. Umati ukihamia kwako, umeshinda. Ukibaki unacheza peke yako, nawe unajua.

Bibi yangu, mama yake mama, aliimba upande wa Wagika ujanani. Kila mshiriki aliruhusiwa kuja na mzee mmoja wa kumsaidia kueleza mambo, nami nikamleta yeye. Nilijiona nimekuja na silaha.

Lazima niseme kwamba bibi huniita "mke mwenzangu". Ndivyo ilivyo kwetu na kwa watu wengi: mjukuu wa kike ni mke wa babu, kwa hiyo bibi ana ruhusa ya kumwonea wivu na kumsema kwa mzaha, na mjukuu ana ruhusa ya kumrudishia. Binamu zangu walikuwa wakimrudishia mpaka anajifuta machozi ya kicheko. Mimi nilishindwa. Akinitania nilikuwa nafikiria jibu, nalipima kama halitamvunjia heshima, nalipanga upya, na likishakuwa tayari yeye ameshatoka jikoni.

Kwa hiyo kambini nilimhoji kwa utaratibu niliofundishwa chuoni. Nilimuuliza juu ya nyimbo, mavazi, dawa za kuvuta watu. Alinijibu vizuri na kwa ufupi.

"Siku ya mashindano ilikuwaje, bibi?"

"Tulicheza, watu wakaja, tukarudi nyumbani."

Siku ya tatu yule kijana aliyechelewa akanifuata nikifua.

"Dada, nisaidie. Naomba niongee na bibi yako, lakini Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu ya mwangaluka."

"Umekulia Kahama hujui Kisukuma?"

"Baba Mmanyema, mama wa Tabora, dukani kwetu Kiswahili. Nikienda mnadani kununua kuku kwa Kisukuma nauziwa jogoo mzee."

Nilicheka, nikajichukia kwa kucheka. Utafiti wake ulihusu ndoa za watu wa makabila mawili. Alikuwa ameanza na wachimbaji wa maeneo ya Buzwagi, sasa alitaka wazee, na alishasikia kwa wapishi kwamba babu yangu alikuwa Mzinza. Ningeweza kukataa. Niliwaza kwamba nikikataa ataonekana anaonewa, na nikikubali nitaonekana mkarimu. Nikakubali ili nionekane mkarimu.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya bweni, anatafuna michembe ya viazi vikavu. Niliweka viti viwili. Kijana akakaa mkekani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nimekuja kuposa."

Nilimgeukia bibi, nikasema kwa Kisukuma kwamba kijana anaomba kumhoji.

"Hajasema hivyo," bibi alisema; Kiswahili anakielewa, ila mambo ya kwao huyasema kwa Kisukuma. "Posa naijua. Mwambie mahari yangu ni ng'ombe wenye pembe, siyo wa picha kwenye simu."

Nikafasiri.

"Mwambie ng'ombe sina," alijibu, "lakini nina vitenge vya dukani kwa baba, na meno yangu yote."

Bibi akainama kumchungulia mdomoni kama anayekagua ndama mnadani. "Meno kweli anayo."

"Na huyu mke mkubwa atakubali?" Kijana alinionyesha kwa kidevu.

"Huyu mke mwenzangu hana wivu kabisa," bibi alisema. "Ndiyo maana hajaolewa."

Na hilo nikalifasiri, neno kwa neno, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kisha bibi akamsimulia. Yalikuwa mashindano baada ya mavuno. Kaka zake walikuwa wachezaji, yeye ndiye aliyewaanzishia nyimbo wanawake wa upande wao. Kule kwa Wagalu kulikuwa na Mzinza mmoja, mgeni, aliyeingizwa kwenye mstari sijui na nani, na alicheza vibaya kupita maelezo. Magoti yake yalikwenda kila moja na safari yake. Bibi alitaka tu kumcheka kwa karibu. Akauacha mstari, akavuka uwanja. Wanawake wenzake wakadhani ameona jambo la maana, wakamfuata. Watu wakawafuata wanawake. Kaka zake walipoinua macho walikuwa wanawachezea mbwa tu. Hawakusema naye mpaka alipojifungua mtoto wa kwanza, ambaye ni mama yangu. Yule Mzinza ndiye babu.

Niliyafasiri yote. Nilikuwa nikisikia sauti yangu ikisimulia jinsi familia yangu ilivyoanza, nami naisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, na bibi hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anamtazama yeye. Nilipita katikati yao kama maji kwenye bomba.

Jioni ile, nikisuuza sahani, nilijaribu kujua wivu wangu unamlenga nani hasa. Yeye, kwa kupewa? Au bibi, kwa kumpa? Nilijiambia kwamba mtafiti wa kweli hufurahi ukweli unapopatikana, haijalishi nani kaupata. Sahani ikaniponyoka ikavunjika.

Kwenye mchujo tulibaki wawili, mimi na yeye. Mratibu alisimama mbele yetu, mama mchangamfu asiyependa mambo ya kawaida, akatangaza kwamba hatutapeana zamu. Tutazungumza kwa wakati mmoja, kila mmoja mwisho wake wa uwanja, kama mbina. Wasikilizaji watatembea. Akipuliza filimbi, kila mtu atahesabiwa pale aliposimama. Wazo hilo alilipata kwenye andiko langu, na alinishukuru mbele za watu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tulirusha sarafu. Nikapata mimi, nikachagua upande wenye kivuli cha madarasa, kwa sababu nilishapima jua siku mbili kabla. Yeye akachukua juani na kunitakia kila la heri, jambo lililoniudhi kuliko kama angelalamika.

Mwanzoni kivuli kilinisaidia. Watu walijaa, bibi mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki. Nilianza na maana ya neno mbina, nikaja kwenye asili ya pande mbili, nikagusa mabadiliko. Nilikuwa nimejifunza kutua vizuri kila mwisho wa sentensi, na kila nilipotua kilisikika kicheko cha upande wa pili. Macho yakaanza kuhama kabla ya miguu. Nikaongeza sauti.

Bibi akainuka. Nilidhani anajinyoosha. Akajifunga khanga vizuri, akanyanyua kiti chake, akaondoka nacho.

Wapishi wakamfuata, kisha wale wa Shinyanga, kisha kundi zima la nyuma ambalo bila shaka lilidhani bibi ameona jambo la maana. Nikabaki na wasichana wawili niliolala nao chumba kimoja, wakitazama viatu vyao, na mlinzi.

"Endelea tu, dada, nakusikiliza," mlinzi alisema, shingo ameigeuzia kule.

Niliendelea kidogo. Kisha nikayakunja makaratasi yangu nikavuka uwanja. Nimewaza mara nyingi kwa nini. Wakati ule nilijiambia nakwenda kuhakikisha kwamba habari za bibi hazipotoshwi, kwa kuwa tafsiri ni yangu. Sababu hiyo haikufika hata katikati ya uwanja. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona anachokifanya ambacho mimi siwezi.

Alikuwa amefika kwenye sehemu ya mashindano ya bibi. Jasho linamtiririka, mikono inaruka. "Basi bibi akamwona kijana wa Kizinza," alisema, "anacheza vizuri ajabu..."

"Alicheza vibaya!"

Ilikuwa sauti yangu. Watu wote wakageuka.

Bibi akapiga makofi. "Haa! Mke mwenzangu huyo! Kamfuata mume!" Alisema kwa Kiswahili ili asimwache mtu yeyote.

Kicheko kilipanda. Na kabla sijafikiria, jibu likatoka: "Nimekuja kumchukua. Wewe magoti yameisha, utamchezea na nini?"

"Magoti yameisha kwa kumkimbilia babu yako! Ya kwako mapya, yamemkimbilia nani?"

"Ningempata wapi, na wewe unaziba mlango kwa kiti?"

"Nikizibua mlango utapita? Utaanza kwanza kueleza maana ya mlango!"

Watu walikuwa wanashikana mabega. Mpishi mmoja alikaa chini. Tulirushiana hivyo, bibi na mimi, na yule kijana amesimama katikati akigeuza kichwa huku na huku, mtazamaji kwa mara ya kwanza tangu aje kambini. Nilifurahia hilo zaidi ya inavyostahili.

Filimbi ikalia.

Wakahesabu watu pale waliposimama. Nami nilikuwa nimesimama katikati ya watu wake.

Kazi akapewa yeye. Hata ningebaki upande wangu nisingeshinda. Nimelipigia hesabu jambo hili kila namna na jibu ni lile lile. Lakini najua pia kwamba watu waliojaa pale filimbi ilipolia walikuwa wanacheka maneno yangu na ya bibi, na yakaandikwa kwake. Alikuja kunishika mkono. "Dada, bila wewe nisingepata," alisema, na kibaya zaidi alimaanisha.

Tuliondoka mchana kwa gari la abiria, bibi kiti cha dirishani. Nilikuwa nawaza jinsi shangazi atakavyowaambia wageni kwamba bado napumzika.

"Walikuhesabu wapi?" bibi aliuliza.

"Kwake."

Alicheka mpaka dereva akatazama kwenye kioo. "Hata mimi walinihesabu huko huko."

"Bibi, habari ile ya babu mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila ukija unaniuliza mavazi yalikuwa ya rangi gani."

Nilianza kutafuta jibu, na simu yake ikaita ndani ya fundo la khanga. Alinipa nimsomee. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa Mume. Kumbe yule kijana alimwachia namba yake, na jina hilo alijiandika mwenyewe. Ningeweza kusema ni watu wa matangazo.

"Ni yeye," nilisema.

"Weka sauti kubwa. Na leo usiyapunguze maneno yake kama siku ya posa."

"Halo, mke wangu," sauti ikasema, na abiria wakageuka. "Mmefika wapi?"

Bibi alinigeukia kusubiri tafsiri, kana kwamba hajasikia. Nilikuwa bado nina hasira na yule kijana, na bado naitaka kazi yake.

"Una wake wawili hapa," nilisema kwenye simu. "Anza kwa kunisalimia mimi."