Isale la Mzee wa Nguzo

Siku hizo tume ya mawasiliano ilikuwa changa, na sisi wakaguzi wake hapa Moshi tulikuwa wawili tu. Ofisi hatukuwa nayo. Tulipewa chumba kwenye jengo la kampuni moja ya simu, ileile tuliyotumwa kuikagua, na saa nne tulikunywa chai yao. Nami ile chai niliipenda, sisemi uongo. Ila kila nikiinua kikombe nilijiuliza, hivi mpangaji anamkaguaje mwenye nyumba?

Zamani swali hilo halikuwepo. Shirika moja la serikali ndilo lililovuta waya, likaweka masharti, likapokea malalamiko na kujihukumu lenyewe, yote dirisha moja. Huko ndiko nilikofundwa kazi, msichana peke yangu kati ya mafundi. Mzee aliyenifundisha alinipandisha nguzo za Marangu mpaka viganja vikaota sugu. "Usiniambie unavyodhani," alikuwa akisema, "niambie ulichokiona kwenye ncha." Waya uliokatwa na mti huvutika, ncha ikawa nyembamba. Uliokatwa kwa koleo hubaki bapa. Mageuzi yalipokuja, mimi nikahamia tume, yeye akachukuliwa na kampuni ile iliyotupa chumba kuwa mkuu wa mafundi.

Basi likaja lalamiko kutoka Himo. Mama mmoja mwenye kibanda cha simu ya kulipia, laini yake imekufa wiki ya tatu. Kosa lake, alibandika ukutani tangazo la kampuni shindani. Nilipofika alikuwa ameshauza meza na viti, limebaki benchi moja. "Mwezi ukiisha hivi nafunga," aliniambia. "Narudi kuuza ndizi barabarani, na watoto waache shule."

Karatasi ya kampuni ilisema tawi la mgrevilea liliangukia waya. Chini yake, sahihi ya mzee wangu. Nikaazima ngazi, nikapanda mwenyewe. Ncha ilikuwa bapa! Jamani, hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka, halafu hapohapo juu ya ngazi nikasikia huzuni.

Jumapili, ripoti bado sijaituma, nilikuwa kwa mama yangu Kilema, tumetoka misa, anakoroga mtori nami namenya ndizi za machalari. Akaingia yule mzee, kofia mkononi. Mkono wa pili ameshika jani la isale, amelifunga fundo.

Kwetu anayekuletea isale anakuomba radhi, na isale halikataliwi. Mama aliacha mwiko ndani ya chungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekosa. Wakubwa waliniambia nikate, nikakata. Nimebakiza miezi michache nistaafu. Ile ripoti yako ikifika makao makuu, nimekwisha."

Nikaendelea kumenya ndizi. Mama akanikazia macho. "We mtoto, pokea! Huyu ndiye aliyekupa kazi mkononi."

Nikanawa mikono, nikapokea kwa mikono miwili. Mzee akashusha pumzi ndefu. Nami nikiwa nimelishika lile jani ndipo akili ilipofunguka. Radhi huombwa kwa aliyekosewa. Sasa mimi nimekosewa nini? Labda kudanganywa kidogo, na hilo nilishamsamehe. Laini haikuwa yangu.

"Mzee, la kwangu limekwisha kabisa," nikamwambia. "Lakini la Himo siwezi kukusamehea mimi. Kesho twende, umpelekee mwenyewe."

"Na ripoti?"

"Ripoti nayo si yangu, mzee."

Mama akafyonya, akarudi kwenye chungu chake. Hata hivyo alimpakulia mzee bakuli la kwanza, likajaa mpaka juu, na tulikula vizuri sana siku ile. Mzee aliongeza mara mbili.

Jumatatu akaja Himo na isale jipya na mkoba wa vifaa. Yule mama alimtazama juu mpaka chini, akatazama jani, akalipokea. "Haya. Nimekusamehe," akasema. "Sasa panda." Mzee wa umri ule akapanda mwenyewe, nikamshikia ngazi, akaunga.

Simu ikalia mlio wake. Ah, mama yule alipiga kigelegele mpaka wauza nyanya wakaja kuchungulia!

Simu ya kwanza niliipiga mimi, makao makuu. Sikutaka kuisomea ripoti ile kwenye chumba cha kampuni, juu ya chai yao. Mwenye kibanda akanilipisha kila dakika, hakunipunguzia hata moja. Mzee akakaa kwenye lile benchi akinisikiliza. Nikasoma jina la kituo, namba ya nguzo, halafu nilichokiona: ncha ya waya ni bapa, umekatwa kwa koleo.

Nikamtupia jicho. Alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, vilevile alivyokuwa akifanya chini ya nguzo za Marangu nikipatia jibu.