Chumba cha Heshima cha Mama

Mimi nina hasira za karibu, nakubali. Kwa hiyo sijui nani kwenye ukoo wetu aliona ni busara kunipa mimi kazi ya kutafuta malazi ya watu ishirini na watatu Bagamoyo. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa anaoa, na yeye na mchumba wake walishaamua kwamba harusi ni ufukweni. Mama alipopelekewa habari kule Kurui aliuliza swali moja tu: "Kwani msikiti wa huku umebomoka?"

Nilizunguka Jumamosi tatu nikitokea Kibaha, ninakofanyia kazi. Kwenye hoteli za ufukweni, waliponitajia bei ya usiku mmoja, niliomba maji ya kunywa nikaaga. Gesti za karibu na stendi bei yake tungeiweza, lakini ukuta wa pili ni baa, na mhudumu akaniuliza bila aibu, "Mnalala au mnapumzika tu?" Weee! Nimlete mama yangu na ushungi wake mahali wanapouliza hivyo? Nilitoka bila kumjibu.

Jumamosi ya tatu nikapata nyumba nzima nyuma ya soko, ya mjane mmoja anayeishi chumba cha uani. Vyumba vinne, sebule ya kumwaga magodoro, jiko la nje, maji yapo. Chumba kimoja kilikuwa na choo ndani, feni, kitanda cha tano kwa sita na chandarua kisicho na hata tundu moja. Nikasema hiki ni cha mama, peke yake. Sisi wanawake wengine tutabanana sebuleni, wanaume wagawane vyumba vilivyobaki, lakini mama atafunga mlango wake, aswali kwa utulivu, anyooshe miguu. Niliona fahari utadhani nimemjengea.

Nikampigia simu. Akashukuru, kisha akaanza visingizio. Kifua chake hakitaki upepo wa bahari. Nikamwambia nyumba iko mbali na maji. Kuku atamwachia nani? Nikamtafutia mtu wa kuku. Na korosho je? Jamani mama, korosho si msimu wake! Mwisho akasema, "Mwanangu, nendeni tu. Mtaniletea picha."

Mdogo wangu aliposikia alinipigia akilia, mwanaume mzima na ndevu zake. Akasema bila mama yeye haoi, hata kama kadi zimeshagawiwa. Nami nikawaka. Nilimpigia mama tena nikasema maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi, kwamba anatukomoa kwa sababu sherehe haifanyiki uwanjani kwake. Hakunigombeza. Alisema, "Haya mwanangu," akakata.

Wiki nzima maneno yale yalinisuta. Jumamosi iliyofuata niliondoka mapema, nikashuka Mlandizi, nikachukua bodaboda mpaka Kurui. Nilimkuta anaanika muhogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nikapiga magoti pale pale, vumbi na sketi yangu ya kazini, nikaomba msamaha. Nikamwambia, njoo ukione tu hicho chumba, ukikikataa nakurudisha leo leo na sitasema neno. Akaniangalia kidogo, akaenda kuvaa baibui.

Tulipofika Bagamoyo alikikagua chumba kama anayenunua mbuzi. Akabonyeza godoro, akafungua bomba la choo, akalifunga, akarudi kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Hapa nitalala na nani?"

"Peke yako, mama. Nani atakusumbua?"

Akashika pindo la shuka, akalikunja, akalikunjua. "Sijawahi," akasema.

"Hujawahi nini?"

"Kulala chumbani peke yangu. Mtanicheka."

Sikucheka. Alinihesabia taratibu. Utotoni mkeka mmoja na dada zake watatu. Kisha akaolewa na baba. Kisha sisi, mmoja baada ya mwingine. Baba alipofariki, shangazi yetu alilala naye eda yote, na shangazi alipoondoka akaja mjukuu wa kwanza, na mpaka leo hajakosa mjukuu kitandani. Miaka sabini na kitu, hajawahi kuamka usiku asisikie mtu mwingine anapumua. Nami nilikuwa nimemtafutia mlango wa kufunga na kuuita heshima. Loo, nilijiona mjinga.

"Sasa mama, si ungesema tu?"

"Niseme nini? Mtu mzima nasema naogopa chumba?"

Nilikaa kando yake, kitanda kikalia. Akanigeukia.

"Na wewe, kule Kibaha, unalala na nani?"

Nina vyumba viwili vya kupanga. Tangu niachane na mume wangu ni mwaka wa tisa, na mtoto wangu yuko chuo. Haya yote mama anayajua, ila sidhani kama alishawahi kuyafikiria mpaka kwenye usiku wangu.

"Nimezoea, mama," nikasema.

"Sikukuuliza kama umezoea."

Mimi, ambaye ndugu zangu wananilalamikia kwa maneno mengi, nilimwambia, "Silali na mtu," na sauti yangu ilitoka ndogo mpaka nikaona aibu. Mama alinishika goti, akauacha mkono pale.

Mwenye nyumba akabisha hodi, akachungulia na kanga yake begani. "Vipi wageni wangu, chumba mmekipenda?"

"Chumba kizuri sana," mama akajibu, akasimama na kuuweka sawa ushungi wake. "Harusi tunakuja. Ila utuongezee mto mmoja, tutalala wawili. Huyu mwanangu anaogopa kulala peke yake."

Yule mjane akanitazama juu mpaka chini, mtu wa miaka arobaini na nane na pochi ya ofisini kwapani. Sikubisha. Nilimwomba alete mto mlaini.